Mume wa Bibi na Safari ya Lindi

Mwenye duka la kona ya kwetu Chuno, hapa Mtwara mjini, ana daftari la madeni ambalo ndani yake kila mdaiwa ameandikwa kama mtaa unavyomwita, si kama kitambulisho chake kinavyomtaja. Mwishoni mwa Novemba nilikwenda kulipa deni langu la unga, naye baada ya kupokea fedha akafunua ukurasa mwingine, akanigeuzia daftari ili nisome mwenyewe. Juu ya ukurasa ule paliandikwa "Mume wa Bibi", na chini yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, palikuwa na sukari nusu kilo, sukari nusu kilo tena, majani ya chai pakiti moja, na peremende mbili. Peremende ndizo zilizonijulisha mdaiwa ni nani.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka minne wakati huo. Jina lake silitaji, wala la dada yake, kwa sababu yule mkubwa ameshajua kusoma na mdogo anaelekea huko, nami sitaki kuja kushtakiwa ndani ya nyumba yangu. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, humwita mtoto huyu "mume wangu", kama bibi wengi wa huku kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Binti yangu wa miaka saba ni "mke mwenza", na wakigombea kiti cha pale kibarazani husutana kwa ukewenza wao kwa raha zote. Tofauti ni kwamba dada mtu anajua huo ni utani. Mdogo wake yeye ameambiwa kuwa ana mke, na mke akiamka asubuhi na kusema, "Mume wangu, sukari imekwisha, leo nitakunywa chai gani?" basi mume hana budi kwenda kuitafuta.

Nilimuuliza mwenye duka imekuwaje akamkopesha mtoto ambaye hata kaunta haioni. Alinijibu kwa utulivu kwamba mteja alikuja na dhamana, akainama, akatoa chini ya meza kopo la maziwa lililojaa korosho ghafi. Ulikuwa msimu, na wakati wa msimu hakuna nyumba ya Mtwara ambamo kwa siku haisemwi mara kumi kuwa korosho ndiyo pesa yetu. Mtoto alikuwa amelisikia hilo, akachota katika gunia la bibi yake, akaenda kulipa. Mwenye duka alikataa kuzihesabu kuwa malipo, akisema kuwa hiyo itakuwa kangomba. Kwa msomaji asiye wa Kusini, kangomba ni ule ununuzi wa korosho kwa vipimo vya kienyeji nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, mfumo ulioanza kutumika kwa zao hili mwaka 2007, na watu wameshapelekwa mahakamani kwa ajili yake. "Mimi sitaki kulala mahabusu kwa sababu ya mume wa mama yako," alisema, akanirudishia kopo. "Wewe mlipie tu baba yako wa kambo yaishe."

Nililipa. Jioni nilimketisha mkopaji mbele yangu ili nimkanye, na nilikuwa nimeanza vizuri, kwa sauti ile nzito ambayo baba yangu aliitumia kwangu, dada yake alipoingilia kati akiwa bado ameshika penseli ya kazi za shule. Alisema kwamba sina uwezo wa kumkataza. Bibi ni mama yangu, sivyo? Na huyu ni mume wa bibi. Basi huyu ni baba yangu. Mtoto mdogo aliipokea habari hiyo bila kushangaa. Alinitazama kuanzia miguuni, ambako vumbi la siku nzima lilikuwa bado lipo, akapanda taratibu hadi usoni, kisha akaniuliza, "Umeoga?"

Nilikuwa sijaoga.

"Nenda kaoge," alisema, na kwa namna alivyolitamka nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile ile nzito niliyoiazima kwa marehemu. Mama yangu alicheka mpaka akaushika mlango asianguke. Nilikwenda kuoga.

Watu wanaotutembelea hupenda kusema kuwa watoto hawa ni wachekeshaji, nami sikubaliani nao. Mchekeshaji anajua anachokifanya. Hawa wangu hawachekeshi kabisa. Wao wanaokota maneno ambayo sisi wakubwa tumeyatupa ovyo, wanayapangusa vumbi, wanayatumia kwa maana yake kamili, na sisi tunacheka kwa sababu tulikuwa tumeshasahau kuwa yana maana. Mama yao anasema hii ni njia yangu ya kukwepa kukiri kuwa nimeshindwa kulea, na huenda ana haki yake.

Wiki hiyo hiyo redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari wakati tunakula, na msomaji akasema habari za juhudi za kuwatoa wananchi katika lindi la umaskini. Binti yangu aliacha kutafuna. Alikuwa anajua kwamba shule zikifungwa mwezi wa Desemba tutakwenda Lindi kwa shangazi yake, dada yangu mkubwa, akataka kujua kama hilo Lindi la Umaskini liko karibu na kwa shangazi au ni mbali. Nilimweleza kwamba lindi ni shimo refu, kwamba neno hilo limo katika kamusi na wingi wake ni malindi, na kwamba mji wa Lindi ni jambo jingine. Nilieleza kwa ufasaha wa kutosha, lakini alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kupita kiasi, na hiyo ndiyo dalili ambayo ningepaswa kuiogopa.

Siku ya safari mama yangu hakuandamana nasi, kwa kuwa bado alikuwa na korosho zake za kuanika na kwa kuwa mabasi, kwa maelezo yake, humgeuza tumbo. Alitusindikiza hadi kibarazani, akamwinamia mdogo na kumwambia, "Mume wangu, usije ukarudi mikono mitupu." Ninayaandika maneno hayo hapa ili msomaji ayakumbuke, kwa sababu mimi sikuyakumbuka hadi ikawa nimechelewa. Nilichokiona ni kwamba kuanzia siku hiyo mtoto hakurudi kutoka popote bila kushika kitu. Alikwenda msalani pale stendi, akarudi na jani. Alikwenda dirishani, akarudi na tiketi ya abiria mwingine, na ilibidi turudishe na kuomba radhi.

Kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100 kidogo, na basi letu lilikuwa Kosta iliyojaa kama Kosta zinavyojaa Desemba. Mikindani tulipita upesi, nikapata nafasi ya kuwaonyesha boma la Wajerumani la mwaka 1895 na kuwaambia kuwa David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara katika mji huu, mwaka 1866. Binti yangu aliuliza kama Livingstone naye alikaa siti ya katikati. Baada ya hapo wakasinzia wote wawili, na mimi nikaonja nusu saa ya utulivu ambayo mzazi mwenye watoto wawili huionja safarini kama mtu anavyoonja asali ya wizi.

Kilichowaamsha ni sauti ya kondakta. Tulikuwa tumefika Mnazi Mmoja, pale njia panda ambapo barabara ya kutoka Masasi inakutana na hii yetu ya kwenda Lindi, naye alikuwa akigonga bati na kuita, "Mnazi Mmoja! Mnazi Mmoja kuna mtu?" Mdogo alifumbua macho, akatazama nje, akaona minazi. Chekechea walikuwa wamemfundisha kuhesabu hadi ishirini muhula ule, na hakuna kitu kinachomfurahisha kama kupata kitu cha kuhesabu. Alihesabu kwa kidole kilichobana kioo, akafika kumi na nne, akamgeukia kondakta kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari la mwenzake, akamwambia kuwa amekosea, minazi ni kumi na minne.

Basi zima lilicheka, ila kondakta hakucheka. Nampa heshima zake mtu yule, maana alilichukua swali kwa uzito wake. Alisema kuwa zamani ulikuwa mmoja kweli, na hii inayoonekana sasa ni watoto wake. Mtoto akauliza mama yao yuko wapi. Kondakta akafikiri, akasema walishamchukua, akafunga mlango, tukaondoka. Mtoto aliendelea kuitazama ile minazi hadi ikapotea nyuma yetu, na nilipomuuliza anawaza nini aliniambia kuwa wamebaki peke yao.

Lindi tulifika saa nane mchana. Dada yangu na mumewe walitupokea mlangoni, watoto wakaamkia kama walivyofundishwa, shikamoo shangazi, shikamoo mjomba, wakaitikiwa marahaba, na nilikuwa ndio kwanza naweka begi chini nikijisifu moyoni kwa adabu ya wanangu, binti yangu aliposhika mkono wa shangazi yake kwa huruma na kumuuliza, "Shangazi, nyinyi watawatoa lini?"

"Nani atutoe, mwanangu?"

"Serikali."

"Itutoe wapi?"

"Hapa Lindi. Redio imesema wanaanza kuwatoa."

Shemeji yangu ni mtu mpole, fundi seremala aliyejenga nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja, tofali kwa tofali, na nyumba yenyewe haiko mbali sana na barabara. Hakuuliza swali hata moja. Alitoka nje kimya kimya, akazunguka nyumba yake ukuta kwa ukuta akitafuta kama kuna mahali imechorwa ile alama ya X nyekundu, na alikuwa ameshafika upande wa jikoni nilipomkuta na kumweleza habari ya lindi la umaskini. Alikaa juu ya kinu kilichoinamishwa, akapangusa jasho. "Shemeji," alisema, "mtoto huyu msimruhusu kusikiliza taarifa ya habari."

Usiku baada ya kula tulikaa sebuleni, na huyo huyo shemeji, ambaye kwa masimulizi hana mpinzani katika ukoo wetu, akaamua kuwasimulia watoto habari za mjusi wa Tendaguru. Msomaji wa Kusini anaifahamu, lakini watoto walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza. Kwamba huko Tendaguru, upande wa kaskazini-magharibi wa mji huu wa Lindi, kulikuwa na mijusi mikubwa iliyokufa zamani sana, hata kabla ya kuwapo binadamu. Kwamba kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani waliichimba mifupa yao kwa mikono ya mamia ya wenyeji. Kwamba wenyeji hao hao waliibeba mifupa hiyo kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini hapa hapa Lindi, ikapakiwa melini. Na kwamba mmoja wa mijusi hao amesimamishwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu ukiwa zaidi ya mita 13.

"Mita 13 ni kama nini?" binti yangu aliuliza.

Shemeji alitazama dari, akapima kwa macho. "Ni kama mnazi," alisema. "Mnazi mmoja mrefu."

Nilimwona mdogo akisimama. Alikuwa amejilaza mapajani mwa mama yake, karibu analala, akasimama wima katikati ya mkeka kama mtu aliyekumbuka alikoficha fedha. "Mnazi Mmoja!" alipiga kelele. Kila kitu kilikuwa kimepata mahali pake: mnazi ule mmoja waliouchukua, watoto wake waliobaki njia panda, na mjusi mrefu kama mnazi aliyepelekwa na meli. Kumbe pale ndipo walipompimia. Hakuna aliyeweza kumwondoa katika imani hiyo, na sijui kama nilijitahidi sana, kwa sababu ilikuwa na mpangilio mzuri kuliko mambo mengi ninayoyaamini mimi.

Ukutani, karibu na taa, palikuwa na mjusi kafiri akiwinda vidudu. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu. Kwake ilikuwa dhahiri: huyu ni mtoto wa yule, ameachwa. Alitaka kujua kama mama yake atarudi, na shemeji, kwa unyofu wake, akamjibu kwamba suala hilo limewahi kufika hata bungeni lakini mjusi bado yuko Berlin. "Ana simu?" mtoto aliuliza. Hana. Basi akaomba taa isizimwe, ili mama mjusi akija usiku aone nyumba ni ipi. Dada mtu aliuliza kama wale Wajerumani walibisha hodi kabla ya kuchukua, lakini hilo mjomba wake hakulijibu. Taa iliwaka hadi asubuhi, na asubuhi tulikuta umeme umekata kwa sababu uniti zilikuwa zimekwisha. Juu ya kizingiti cha dirisha, chini ya alipokuwa yule mjusi, palikuwa na tonge la ugali.

Nyumbani kwetu, nilipaswa kusema mapema, mjusi hamalizi siku mbili. Mama yangu anawaogopa kuliko nyoka, na fagio la chelewa limesimama daima nyuma ya mlango wake kwa kazi hiyo tu.

Siku ya tatu tulikwenda ufukweni asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Ghuba ya Lindi maji yakikupwa ni mahali pengine kabisa. Ngalawa zimelala ubavu, tope linang'aa hadi mbali, na akina mama wanatembea na ndoo wakiinama na kuinuka. Mdogo, aliyekuwa ameiona bahari imejaa jioni iliyotangulia, alisimama ameshika kiuno. Aliuliza nani ameimaliza. Dada yake alikuwa amenawa miguu pale pale jana yake kwa muda mrefu kupita kiasi, na lawama zikamwangukia yeye, wakaanza kuzozana. Dada yangu akawaita ili wayaache hayo, akawapeleka mbele zaidi kwenye vidimbwi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hadi leo familia yetu ikikutana husimuliwa na kila mtu kwa namna yake, nami nilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Mtoto alikuwa mbele, anakanyaga tope kwa uangalifu, kaptura ameikunja. Kaa mkubwa, wa rangi ya tope lenyewe, magando yameinuliwa, alichomoka shimoni karibu na kisigino chake. Shangazi yake alimwona, akapiga ukelele kwa nguvu zake zote: "Kaa! Kaa! We mtoto, kaa!"

Akakaa.

Mwalimu wake wa chekechea akisema "Kaa!" watoto thelathini hukaa kwa pamoja, miguu wameikunja na mikono wameifumbata kifuani, na hivyo ndivyo alivyokaa, katika tope, mgongo umenyooka, akitazama mbele akisubiri maelekezo mengine. Shangazi alizidi kupiga kelele, "Kaa huyo! Nyuma yako kaa!" naye kwa utii wa ajabu akajivuta nyuma kidogo kwa makalio, akakaa tena. Kaa mwenyewe nadhani hakuwa amewahi kukutana na jambo kama lile, maana aliteremsha magando, akaingia shimoni kinyumenyume. Mimi nilipaswa kukimbia kumwinua mwanangu. Badala yake nilikuwa nimepiga magoti katika tope, siwezi kupumua kwa kicheko, na akina mama wenye ndoo wamesimama wote wanatutazama.

Siku ya kurudi ilikuwa ya joto kali. Tulipopita Mnazi Mmoja mtoto aliipungia mkono minazi yake, na muda si mrefu baada ya hapo Kosta ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya kawaida ya basi. Kila mtu alimtazama mama mmoja aliyepakata kikapu cha dagaa, naye akakasirika, akafunua kikapu na kuwataka watu wanuse wenyewe, dagaa wake ni wakavu na wamekauka kwa jua la siku tatu. Watu wakanusa, wakakubali, wakamwomba radhi. Madirisha yakafunguliwa yote. Kondakta akauliza ni nani aliyebeba samaki mbichi, hakuna aliyejibu. Mwanangu alikuwa amekaa kimya mapajani mwangu, amekumbatia kibegi chake cha chekechea kwa mikono miwili, nami nikamsifu mama yake kwa sauti ya chini kwamba mtoto leo ametulia.

Mama yangu alikuwa kibarazani tulipofika. "Mume wangu," alisema, "umeniletea nini?" Naye akafungua kibegi, akatoa soksi moja, akaikung'uta mbele ya mkewe. Aliyeanguka alikuwa kaa, si mkubwa, lakini ameshakufa siku mbili.

Sikuwahi kumpenda mama yangu kuliko jioni ile. Alimwokota kwa vidole vitupu, akamgeuza huku na huku, akasema huyu ni kaa hasa, wa kupikwa na nazi, na akaingia naye jikoni. Usiku, watoto walipolala, nilimsikia akichimba nyuma ya mgomba. Asubuhi mume alimkuta akinywa chai.

"Alikuwa mtamu?"

"Mtamu sana, mume wangu. Nimekula hadi magando."

Mtoto aliridhika. Alikaa karibu naye kwenye mkeka, akamshika kanga, akamwambia kwamba safari nyingine atamletea mjusi, lakini taa isizimwe usiku kwa sababu mama yake anaweza kuja, naye ni mrefu kama mnazi. Mama yangu aliteremsha kikombe. Hakumjibu mumewe, alinigeukia mimi, kwa sauti ile nzito ya marehemu, akaniuliza ni nani aliyempa mtoto habari hizo.